Kazi ya watu wengi inaweza kudumu

*Kila siku tunaambiwa: ukianzisha kazi, lazima ikue mbio, na lazima mukubwa awe mumoja. Lakini kuko kazi zilizochagua njia ingine, na zimedumu. Tuangalie pamoja namna zilivyofanya, na kitu gani sisi wa miji ya migodi tunaweza kujifunza.*

Ndugu musomaji, wewe baba, wewe mama, na ninyi vijana, mumekwisha kusikia neno linalosemwa sana katika makambi na katika mitaa yetu: "Kazi ya batu mingi haina mwenyewe." Watu wanalisema wakiona koperative imeanguka, likilimba imekufa, ao kinu cha kusaga cha wamama kimesimama juu mutu mumoja alikula pesa. Na kweli, mifano si michache. Kwa hiyo kijana akipata pesa kidogo anasema: heri nifanye peke yangu, niwe patro, nikue, niwapite wote.

Sitaki kumuhukumu yule kijana. Lakini nataka tuulize pamoja: je, ni kweli kwamba kazi ya wengi lazima ife? Na je, kazi isiyokimbilia kuwa kubwa ni kazi ya watu wavivu?

Kile miji yetu imeona

Sisi watu wa Likasi, Kolwezi, Kipushi na Lubumbashi tulilelewa katika kivuli cha kompanyi kubwa. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Tarehe 1 Januari 1967 serikali iliichukua, na nyuma yake ikaitwa Gécamines. Kompanyi ilikuwa baba na mama: nyumba ilitoka kwake, mposho ilitoka kwake, hospitali na masomo vilevile. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Ndipo Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka. Miaka michache nyuma, shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000 kwa mwaka. Na katika mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika ule mupango ulioitwa "départ volontaire", wakapokea pesa ya mara moja tu.

Sisemi haya kwa kucheka. Ile kompanyi ililisha wengi wetu. Na sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi: bei ya shaba, fujo ya siasa, na pesa iliyotolewa kila mwaka bila kurudisha ya kutosha kwa kutengeneza mashine. Lakini nataka uone jambo moja. Maelfu walifanya kazi, na wachache tu walikata maneno. Aliyeshuka shimoni hakuulizwa kama pesa ya mashine iliwekwa. Siku nyumba ilipoanguka, mzigo uliangukia wale ambao hawakukata neno hata moja.

Mutu aliyetoa kompanyi yake

Sasa twende mbali kidogo. Mwaka 1890, katika inchi ya Uswisi, alizaliwa mutoto jina lake Ernest Bader. Akiwa kijana alihamia Uingereza. Akaoa mwanamke anayeitwa Dora Scott, na nyuma ya vita ya kwanza ya dunia wakaanzisha kompanyi. Wakaiita kwa majina yao mawili: Scott Bader. Iko mpaka leo katika kijiji cha Wollaston. Inatengeneza dawa za viwanda, zile zinazoingia katika plastiki, rangi, gundi, na miili ya mashua.

Bader alikuwa Mukristo wa kundi la Waquaker. Ni watu wanaokataa vita. Tena wana desturi moja: katika mikutano yao hawapigi kura, wanakaa, wananyamaza, wanasikilizana mpaka wapatane katika neno moja. Bader mwenyewe alikuwa amefanya kazi kwa mushahara wa wengine, na roho yake haikupenda kuona mutu ananunuliwa kama kitu cha soko. Kisha akajikuta yeye njo patro, anafanya vilevile kwa wengine.

Mwaka 1951 kompanyi ilikuwa na wafanyakazi 161. Ilikuwa inauzisha vitu vya paundi 625,000 kwa mwaka, na faida ilipita paundi 72,000. Angeweza kuiuzisha na kupumuzika. Yeye na jamaa yake walifanya kingine: walitoa sehemu 90 kwa mia za kompanyi kwa chama cha wafanyakazi wote, kinachoitwa Scott Bader Commonwealth. Sehemu 10 zilizobaki walizitoa mwaka 1963.

Angalia vizuri, musomaji. Hawakugawanya kompanyi vipande vipande, kila mutu na kipande chake. Kama wangefanya vile, siku ya njaa huyu angeuzisha chake, yule chake, na kesho tajiri mumoja angekusanya vyote. Mali ilibaki nzima katika mikono ya chama. Anayeingia kazini anaweza kuingia katika chama. Anayetoka anaachia wengine. Hakuna anayeweza kubeba sehemu yake na kuipeleka soko.

Masharti waliyojiwekea

Pamoja na zawadi waliandika masharti. Ni hapa kuna mafundisho.

*Kwanza, kipimo cha ukubwa.* Walisema kompanyi isipite watu karibu 350, kusudi kila mutu aweze kuielewa yote kwa akili yake. Kazi ikizidi, wasinenepeshe ile ya zamani; wasaidie kuzaa kompanyi ingine ndogo yenye kujitegemea. Ni kama mugomba. Mugomba hautafuti kuwa murefu kama muti wa msitu. Unatoa watoto pembeni, na shamba linaendelea hata mama amekatwa.

*Pili, kipimo cha mushahara.* Wa juu kabisa asipate zaidi ya mara saba ya wa chini kabisa. Kama mufagiaji anapata 100, directeur asipite 700.

*Tatu, hakuna kufukuza ovyo.* Mwenzi wa kazi asiondolewe na wenzake isipokuwa kwa kosa zito la tabia.

*Ine, wakubwa wanajibu mbele ya wote.* Kompanyi ina wakubwa wa kuongoza kila siku. Lakini chama kina haki ya kukubali ao kukataa kuwekwa kwao, na kupatana juu ya mushahara wao.

*Tano, faida ina njia yake.* Sehemu 60 kwa mia, ao zaidi, inabaki kwa kodi na kwa kuendesha kazi. Chama hakiwezi kuchukua zaidi ya 40. Na ile 40 inagawanywa katikati: nusu kwa wafanyakazi, nusu kwa kusaidia watu wa inje. Yaani wakijipatia franga moja ya matabishi, franga moja inaenda kwa mwenye shida.

*Sita, hakuna vita.* Wasiuzishe vitu vyao kwa munuzi wanayejua kwamba atavitumia kwa vita.

Matunda yake

Je, kazi ilikufa? Hapana. Kati ya 1951 na 1971 mauzo yalipanda kutoka paundi 625,000 mpaka milioni 5, na faida ilifika karibu paundi 300,000. Katika ile miaka 20 wafanyakazi waligawana zaidi ya paundi 150,000, na pesa sawasawa na ile ilitolewa kwa wenye shida. Kompanyi zingine ndogo zilizaliwa. Mutaalamu wa mambo ya uchumi, E. F. Schumacher, aliisimulia habari hiyo katika kitabu chake *Small Is Beautiful* mwaka 1973, na watu wa inchi nyingi wakaijua.

Lakini tuseme kweli yote. Katika mwaka 1971 wafanyakazi walikuwa 379, maana yake kile kipimo cha 350 kilikuwa kimepitwa kidogo. Leo wako mamia zaidi, katika inchi mbalimbali, hata Afrika ya Kusini. Kuandika sharti hakuui kiu ya kukua. Lazima watu wakae tena na tena, waulizane: tunakua juu ya nini? Hata hivyo, mwaka 2021 ilitimiza miaka 100, na bado ni mali ya chama. Hakuna tajiri wa inje aliyeinunua na kufunga milango.

Maseremala wa Japani

Kuko mufano mwingine wa zamani zaidi. Katika muji wa Osaka, Japani, kulikuwa jamaa ya maseremala wa kujenga mahekalu ya dini ya kwao. Kompanyi yao inaitwa Kongo Gumi. Jina linafanana na jina la inchi yetu, lakini hakuna undugu. Ilianza mwaka 578. Ndiyo, umesoma vizuri: zaidi ya miaka 1,400.

Walidumu namna gani? Walishika kazi moja waliyoijua. Uongozi haukuenda lazima kwa mutoto wa kwanza. Kama hakuweza, walichagua mwingine, hata mukwe aliyeoa binti yao na kukubali jina la jamaa. Katika miaka ya 1930, wakati wa taabu kubwa, mujane mumoja wa ile jamaa alishika uongozi na kuiokoa kazi. Na maseremala wenyewe walikuwa katika vikundi, kila kikundi na mukubwa wake.

Basi, ni kitu gani kiliwaangusha? Katika miaka ya 1980, wakati bei ya viwanja na nyumba ilipanda sana Japani, walikopa pesa nyingi na kuingia katika ile biashara. Bei ikaanguka, deni likabaki. Mwaka 2006 walishindwa, na kompanyi ingine kubwa ikawachukua. Vita na njaa hazikuwaua kwa miaka 1,400. Deni la kutaka kuongeza liliwamaliza katika miaka makumi mawili hivi.

"Lakini Pasta…"

Najua kile wengine mutasema. Niliposema habari hii mbele ya vijana, maulizo hayakukosa.

"Pasta, wakubwa bakiwa mingi, nani atakata neno?" Kugawanya uongozi si kukosa uongozi. Soma Kutoka sura ya 18. Musa alihukumu watu peke yake toka asubuhi mpaka mangaribi, na Yetro mukwe wake akamwambia wazi kwamba atachoka, yeye na watu pia. Wakawekwa wakubwa wa elfu, wa mia, wa makumi matano na wa kumi. Musa hakupoteza kazi yake. Alibaki na maneno mazito. Na katika Matendo sura ya 6, wakati wajane walisahauliwa katika chakula, mitume hawakuongeza kazi kwa mutu mumoja. Watu saba walichaguliwa, na waliowachagua ni kusanyiko lenyewe.

"Pasta, tusipokua, wengine batatumeza." Mutoto lazima akue, asipokua ni ugonjwa. Lakini mutu wa miaka 40 akiendelea kurefuka, ile pia ni ugonjwa. Kuko wakati wa kukua na wakati wa kukomaa. Kinu chenye kulisha jamaa sita vizuri, chenye mashine nzima na bila deni, hakina haya mbele ya mutu yeyote. Yule tajiri wa Luka sura ya 12 hakuhukumiwa juu ya mavuno. Kosa lake lilikuwa kuona ghala kubwa zaidi tu, bila kuona Mungu wala jirani.

"Pasta, mugodi wa shaba hauwezi kuendeshwa na batu sita." Ni kweli. Kuko kazi zinazotaka pesa nyingi na watu elfu. Lakini kila shimo lina mwisho. Kazi ndogo zinazozunguka mugodi, unga, mishono, sudire, kuku, mboga, hizo zitabaki siku madini itaisha, kama zimesimamishwa vizuri.

Kwetu tufanye namna gani?

Tuseme vijana sita wanataka kufungua kazi ya sudire. Hapa kuna mambo ya kushika.

*Gawanyeni kazi ya pesa.* Mwenye kushika ufunguo wa kese asiwe yule mwenye kuandika kaye. Pesa isitoke bila mikono miwili. Kila juma kaye isomwe kwa sauti mbele ya wote sita. Mambo mengi yanayoua kazi ya wengi yanazaliwa katika kaye isiyosomwa.

*Badilisheni mwenye kiti.* Kila mwaka mwingine. Aliyetoka aketi karibu na aliyeingia kwa miezi mitatu, amufundishe. Kazi ambayo mutu mumoja tu anaijua itakufa pamoja naye.

*Wekeni pesa ya mashine.* Kama mashine ya sudire ilinunuliwa franga 720,000 na itadumu miaka mitatu, basi kila mwezi wekeni 20,000 pembeni. Ile si faida. Ni mashine ya kesho. Ukiila, umekula chuma.

*Andikeni kipimo cha kutosha.* Kaeni pamoja, mujue kila nyumba inahitaji ngapi kwa chakula, masomo, nyumba na hospitali. Mukijua hesabu ya kutosha, mutaweza kukataa kazi mbaya na deni baya. Asiyejua kipimo chake atakubali yote.

*Pangeni njia ya faida mbele haijaingia.* Tufuate ule mufano wa Bader. Nyuma ya mishahara, gharama na pesa ya mashine, inabaki franga 300,000. Sehemu 60 kwa mia, yaani 180,000, inabaki katika kazi. Inabaki 120,000. Nusu, 60,000, mugawane sita: kila mutu 10,000. Nusu ingine, 60,000, inasomesha yatima wa mutaa. Wandugu, siku mutaa utaona yatima anasoma kwa sudire yenu, mutaa wote utakuwa mulinzi wa kazi yenu.

*Mukitaka kukua, ulizeni maulizo matatu.* Je, tutaendelea kujuana sisi wote? Je, tutalipa bila kuuzisha mashine? Je, si heri kusaidia vijana wengine wafungue yao katika mutaa mwingine?

Kwa wachimbaji wa mikono

Ninyi munaochimba, sikieni neno hili zaidi ya wote. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inataka muchimbaji wa mikono awe ndani ya koperative. Ni nzuri, lakini kuko koperative za jina tu. Juu ya karatasi wachimbaji ni mamia. Kwa kweli ni mali ya mutu mumoja anayekaa muji, anayekata bei, na anayekula sehemu yake bila kushuka shimoni.

Inchi yetu iliingia katika sheria za OHADA mwaka 2012, na sheria yake juu ya koperative ni ya mwaka 2010. Ile sheria inasema wazi: watu watano tu wanatosha kwa kuanzisha koperative ndogo, na kila memba ana sauti moja, hata kama mwingine ameleta pesa nyingi kuliko yeye. Basi, mbele ya kutia mukono, uliza: statuti iko wapi, niisome? Mukutano mukubwa ulikaa lini? Nani alimuchagua mwenye kiti? Nani anasimama karibu ya kipimo wakati wanapima madini? Kama wanakukasirikia juu ya maulizo haya, umekwisha kupata jibu.

Tena, msije mukasubiri waizi wa mbali tu. Chama cha watu watano kinaweza kuharibika vilevile kama cha watu elfu, kama wanne wananyamaza. Uongozi wa pamoja unadai kazi kwa kila memba: kuja mukutano hata ukichoka, kusoma kaye hata hupendi hesabu, kusema kweli mbele ya rafiki. Ni uzito. Lakini ni mwepesi kuliko uzito wa kuamuka siku moja na kusikia kwamba nyumba, kazi na masomo ya watoto vimekatwa na watu ambao haujawahi kuona sura yao.

Maulizo ya kuzungumuzia nyumbani na katika kikundi cha vijana

1. Katika jamaa yetu, nani anajua pesa inaingia namna gani na inatoka namna gani? Mama anajua? Watoto wakubwa wanajua?

2. Fikirini koperative ao likilimba moja muliyoona ikianguka. Kosa lilikuwa wingi wa watu, ao lilikuwa kaye, kese na kunyamaza?

3. Kwa jamaa yetu, kutosha ni franga ngapi kwa mwezi? Andikeni hesabu pamoja.

4. Someni Kutoka 18:13-26. Katika kazi yetu, ni mizigo gani mutu mumoja anabeba peke yake, na nani anaweza kumusaidia kuanzia juma hili?